Laini ni yake, amri ni yangu: akaunti ya kufunga ya M-Shwari baada ya miaka minne

Mume wangu ni dereva wa lori. Hupakia kontena bandarini Kilindini akaenda nalo hadi Malaba, mara nyingine mpaka Kampala, na tangu mwaka 2021 hagusi mshahara wake kabla ya kuniomba. Alitaka mwenyewe. Mimi nilikubali kwa kusitasita, nikazoea, na leo nasema waziwazi kwamba naupenda mpango huu. Mambo mengine yote ananiita Mama Neema kama majirani, lakini jambo likiwa la pesa mimi ni Waziri. "Waziri, naomba mia tano ya chakula." Sauti yake ikisema hivyo kutoka Salgaa saa mbili usiku hunipa furaha, naye huniambia kuomba kwenyewe humtua mzigo.

Kazi ya uwaziri naifanya kibandani kwangu Kongowea ninapouza mitumba, na vyombo vyangu ni viwili: akaunti ya kufunga ya M-Shwari (akiba ya benki kwa njia ya simu), ile ambayo kwenye menyu imeandikwa Lock Savings, na M-Pesa Ratiba, inayotuma pesa yenyewe kwa siku uliyopanga, tuliyoiongeza ilipokuja mwaka 2024. Maelezo niliyowahi kuyasoma kuhusu huduma hizi yanamlenga mtu mmoja anayejiwekea akiba. Sisi tuko wawili, mmoja anaamuru na mmoja anatii, na kinachomfaa mtu aliye peke yake kinaweza kuwagombanisha wawili. Basi nimeona nieleze kwa upande wetu.

Kwanza niseme tulivyoanza, maana bila hapo hutaona kwa nini naisifu akaunti yenyewe.

Mwaka 2021 Baba Neema alimaliza mshahara wa mwezi mzima kwa kubeti, usiku mmoja, amelala ndani ya lori akisubiri zamu ya kupakua. Alirudi nyumbani akaniambia mwenyewe kabla sijauliza. Halafu akasema jambo sikulitarajia. Alisema siku alizokuwa na amani zaidi maishani ni zile za uchumba wetu, alipokuwa akiniletea bahasha ya mshahara haijafunguliwa, mimi nahesabu, nampa ya nauli na ya sigara, nyingine nakaa nayo. (Sigara ameacha.) Akasema: "Nitawale tena." Si maneno ya mtu aliyeshindwa. Nilimtazama nikaona anajua anachokiomba.

Najua kwenye intaneti kuna watu wazima wanaoufanya utawala wa fedha kwa namna nyingine: mwanamume humtumia pesa mwanamke ambaye hata hajakutana naye, huita ushuru, na raha yake yote iko katika kuamrishwa atume. Siwahukumu. Lakini kwetu pesa haitoki nje ya nyumba. Kodi ni ile ile, karo ni ile ile, unga ni ule ule. Kilichobadilika ni nani anasema ndiyo na nani anasubiri kuisikia.

Mwanzoni tulifanya kama wanavyofanya wengi: nilichukua laini. Laini yake ya M-Pesa ikawa kwenye simu yangu na namba ya siri nikaijua. Nawasihi msifanye hivyo. Masharti ya M-Pesa yenyewe yanakataza kumpa mtu mwingine namba yako ya siri, na hata yasingekataza, mambo ya njiani hayangojei. Jumapili moja nilikuwa kanisani Mikindani, simu nimeizima. Yeye yuko Mtito Andei, tairi mbili zimepasuka, fundi anataka pesa, mfukoni ana shilingi 80. Alinipigia mara kumi na moja. Mwishowe utingo wake, kijana anayelipwa nusu ya anacholipwa yeye, akatoa pesa zake. Nilipowasha simu na kuona zile namba kumi na moja nilitetemeka. Nilikuwa nimemnyima mtu mzima uwezo wa kujiokoa barabarani, na nilikuwa nikiita hali hiyo mapenzi.

Kuna jambo la pili nililolielewa polepole. Nikiwa na laini, yeye hakuwa akitii chochote. Hana cha kutii. Pesa iko kwangu, akubali asikubali. Ule utamu aliouomba, wa kuwa na pesa mkononi kisha asiiguse kwa sababu Waziri hajasema, haukuwapo. Nami nilikuwa nimegeuka karani: natuma, nahesabu, natuma. Tulichoka wote kwa miezi mitano tu.

Aliyetuelekeza M-Shwari ya kufunga ni mama mmoja wa chama chetu, ambaye alikuwa akifunga pesa za bati. Wengi mnaijua M-Shwari kwa mikopo. Ilianza Novemba 2012, Safaricom wakishirikiana na benki ya CBA, ambayo sasa baada ya kuungana na NIC inaitwa NCBA. Ni akaunti ya benki kabisa, ila mlango wake ni simu. Kuingiza pesa kutoka M-Pesa hakuna ada, kuirudisha M-Pesa hakuna ada. Ndani yake kuna chumba cha kufunga: unasema kiasi, unasema muda, unaweka namba ya siri, ujumbe unakuja. Muda ukiisha pesa inarudi yenyewe kwenye M-Shwari ya kawaida.

Sasa sikilizeni kinachoifanya itufae sisi. Laini iko kwake. Jina ni lake. Namba ya siri anaijua yeye peke yake, mimi nimeisahau kwa makusudi na ameshaibadilisha. Kufunga anafunga yeye, kwa mkono wake, nikishasema. Na akitaka kuvunja kabla ya siku, anaweza! Hakuna sehemu ya kuniuliza mimi. Anaomba kufungua, halafu anangoja saa 48 ndipo pesa inamfikia.

Saa 48 hizo ndizo zilizonifanya niandike. Mtu anayejiwekea akiba peke yake huziona kero. Kwetu ni siku mbili za kuzungumza. Akishikwa na hamu ya kubeti saa sita za usiku, hamu ya saa sita haidumu siku mbili. Nami nikiwa nimekosea, siku mbili zinatosha kunirudisha akilini. Amri yangu haina nguvu ya kumfungia pesa yake daima, na kwa sababu hiyo kila siku asiyoivunja ni siku amenipa mwenyewe. Naijua tofauti hiyo mwilini. Enzi ya laini nilikuwa na wasiwasi muda wote, sasa nalala.

Alivunja mara moja. Mwaka 2023 tulikuwa tunajiandaa kumpeleka Neema kidato cha kwanza Januari iliyofuata, na mimi nilikuwa nimekaza kamba kwelikweli, kila shilingi naiona sare ya shule. Akanipigia kwamba kuna matanga Wundanyi, mzee wa rafiki yake kafariki, anaomba 5,000. Nikasema 1,000 inatosha, watu wa matanga ni wengi, kila mtu akitoa elfu moja kazi inaisha. Akajibu: "Sawa, Waziri." Lakini sauti ilikuwa imeshuka. Niliisikia ikishuka nikajifanya sijasikia.

Kesho yake asubuhi simu. "Mama Neema, nimeomba kufungua." Hakuniita Waziri. Nilikasirika hata nikakata simu. Nikauza nguo siku ile bila kumtazama mteja usoni. Nilijiambia amerudi kubeti, matanga ni kisingizio. Usiku nikapiga, nikamuuliza, huyo rafiki ni nani hasa? Akasema: "Ni yule utingo. Wa Mtito Andei."

Sikuwa na la kusema. Kijana aliyetoa pesa zake za chakula kwa tairi letu, kwa sababu mimi nilikuwa nimeifunga laini kwenye mkoba wangu, baba yake amekufa, nami nimempimia elfu moja kama namtupia. Kesho yake, kabla saa 48 hazijaisha, nilipanda matatu ya Voi, nikapanda nyingine hadi Wundanyi, nikafika matangani na leso yangu, nikakaa na akina mama jikoni. Baba Neema aliponiona alishuka kwenye lori akasimama tu. Pesa zilipofunguka tulitoa 5,000, zilizobaki akazifunga tena palepale uani, mimi nimesimama karibu naye. Alininong'oneza: "Sasa nisemeshe." Nikasema: "Funga." Akafunga.

Kutokana na siku ile tuliongeza mambo ambayo uwaziri wangu hauyagusi: matanga, hospitali, na mama yake. Kwa hayo anatoa kwanza na kuniarifu baadaye. Mama mkwe anapata 3,000 kila mwezi na sitaki hata kuulizwa. Pia tukachukua neno la barabarani. Utingo akipiga kelele "simama," dereva hakanyagi mafuta hata kama haoni kitu. Mmoja wetu akisema simama, uwaziri umekoma saa hiyo, tunazungumza kama mume na mke mpaka tuelewane. Yeye amelitumia mara mbili. Mimi mara tatu, maana kuna siku nimechoka, sitaki kuamua bei ya sabuni ya mtu aliye umbali wa kilomita mia tano, nataka aamue mwenyewe na aniulize tu nimeshindaje. Watu husahau kwamba anayetawala naye huchoka.

Hesabu yetu iko hivi. Mshahara wake ni shilingi 42,000, anauhamishia M-Pesa ukishaingia benki. Tarehe 6 Ratiba inanitumia 25,000 za kodi, karo, stima na chakula. Ada ni ile ile ya kutuma kiasi kinachozidi 20,000, shilingi 108. Za mama yake 3,000. Za kufunga 10,000. Zinabaki kama 3,900 kwenye laini yake, na hizo ndizo zetu za kuchezea: ziko kwake, anaziona, haziguswi bila ombi. Posho ya safari ni jambo jingine, ile ni ya kazi, ila katika posho hiyo ana kiwango cha 600 kwa siku cha chakula na vikorokoro, na akitaka kuzidisha anaomba.

Ratiba nilidhani haina la kuelezwa, ni mpango wa kutuma pesa kwa siku uliyopanga basi, unauweka kwenye simu na unaweza kuufuta wakati wowote. Ilinipa kitulizo kikubwa. Kabla yake tarehe 6 ilikuwa vita. Yuko kwenye mzani Mariakani, hawezi kushika simu, mwenye nyumba yuko mlangoni, mimi nadai kwa ukali, yeye anatuma huku amenuna. Waziri anayedai kodi si waziri tena, ni mdai. Ratiba iliiondoa kazi hiyo ya aibu kati yetu.

Kwa sababu hiyo mwezi uliofuata nikataka tuweke kila kitu kijiendeshe. Yeye akakataa. Akasema: "Zile elfu kumi usizipe mashine." Alinieleza kwamba kila mwezi hungoja neno langu. Hungojea simu, mimi namwuliza safari imekwendaje, nanyamaza kidogo, halafu nasema "Funga," naye anasimamisha lori mahali pa salama, anafunga, ananitumia ule ujumbe wa M-Shwari, nami namjibu. Dakika nne. Zikiwa zinajiendesha, alisema, atakuwa amekatwa tu kama anavyokatwa kodi ya serikali. Nilijifunza kwake siku hiyo. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: bili za nyumba zipeni Ratiba, lakini kile ambacho ni zawadi ya mtu kwa mtu kifanyike kwa mkono na kwa neno.

Na ule ujumbe ujibuni. Mwanzoni nilikuwa naujibu kwa "ok". Siku moja aliniambia anaendesha kilomita mia tatu akilifikiria "ok" langu. Sasa namwandikia kitu. Mara namwambia kiasi kilipofika, mara namwambia nimejivunia, mara nampigia tu nicheke naye. Jumapili akiwa nyumbani tunakaa chini ya mwarobaini nyuma ya nyumba, ananisomea ujumbe wa M-Pesa wa wiki mmoja baada ya mwingine kutoka simu yake. Nami namsomea wangu: alichonitumia kimekwenda wapi, hata zile za kitambaa. Hakunidai nifanye hivyo, niliamua mwenyewe baada ya Wundanyi. Naona Waziri asiyesoma hesabu zake hana haki ya kusikiliza za mwenzake. Neema akipita huko anajua tu kwamba baba na mama wanapiga hesabu. Hilo la nani anamwamuru nani ni letu.

Yeye anapata nini? Nilimuuliza tena wiki iliyopita ili nisimwekee maneno mdomoni. Alisema anapata usingizi, anapata kuhisi kwamba kuna mtu anamfikiria katika kila soda anayoinunua, na amepata kiwanja. Ndiyo, kiwanja, cha futi 50 kwa 100, nje kidogo ya Voi, tulichomaliza kukilipa mwaka jana kwa pesa za kufunga. Hati ina majina mawili, nililisimamia hilo. Pesa aliyoitoa kwa amri yangu haiwezi kuishia katika mali ya jina langu pekee. Hapo ningekuwa nimemla.

Mimi napata nini? Sitaki kujificha nyuma ya kiwanja. Napenda kuombwa. Nililelewa nyumba ambayo mama yangu aliomba hela ya chumvi, na aliomba kwa hofu. Sasa mwanamume mwenye kifua kipana, anayeogopwa na utingo wa barabara nzima, ananiomba mia tano kwa upole, nami naweza kumpa, au kumwambia angoje hadi kesho, naye akatabasamu kabisa. Tofauti kati ya mama yangu na mume wangu ni hofu. Mama hakuwa na neno la "simama". Sheria yetu ya Kenya ya mwaka 2015 ya kinga dhidi ya ukatili wa nyumbani inataja wazi unyanyasaji wa kiuchumi, na ni haki itaje. Kama mwenzako anatii kwa sababu anaogopa utakachomfanyia, au hawezi kununua dawa bila ruhusa yako, usitafute akaunti ya kufunga, mrudishie pesa yake leo.

Nizitaje kasoro za huduma. Akaunti ni ya mtu mmoja. Hakuna namna ya kuweka shahidi, kwamba akiomba kufungua na mimi nipate ujumbe. Ningelipia hiyo. Sasa nategemea aniambie, na mpaka leo ameniambia, lakini nyumba nyingine haitakuwa hivyo. Riba ni kidogo, na kodi ya zuio ya 15%, inayokatwa kabla riba haijakufikia, inaipunguza tena. Usiingie kwa ajili ya riba. Halafu, kadiri unavyoweka akiba M-Shwari ndivyo kiwango chako cha mkopo kinavyoweza kupanda, na mkopo uko hatua chache tu kwenye menyu ile ile. Ada yake ni 7.5% kwa siku 30. Kumfungia mtu 10,000 halafu mlango wa mkopo uko wazi pembeni ni kufunga dirisha ukaacha mlango. Tulikubaliana mkopo hauguswi mpaka wote wawili tumekaa chini ya mwarobaini, na Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa wa salio lisipotosha, alijiondoa kabisa, maana Fuliza hujilipa yenyewe kutoka pesa yoyote inayoingia, na mwezi wetu wa kwanza ilikula sehemu ya mshahara kabla Waziri hajafungua kinywa.

Wapo walioniuliza kwa nini tusitumie Ziidi, mfuko wa uwekezaji wa M-Pesa ambao unaanza na shilingi 100. Mapato yake ni bora, nakubali, nami pesa za kibanda changu ninaziweka huko. Lakini pale kutoa ni rahisi mno. Kwa mpango wetu tunahitaji mlango mzito kidogo, unaofunguka kwa kelele. Sacco yake ya madereva, yaani chama chao cha akiba na mikopo, nayo ni nzuri, ila mlango wake ni mzito kupita kiasi: akiba zake ukizitaka sharti uache uanachama. Hapo mtu hatii, amefungwa. M-Shwari imesimama katikati.

Muda wa kufunga tumechagua miezi mitatu, na hili nililiacha mwisho kwa sababu ndilo ninalolithamini kuliko yote. Siku pesa zinapofunguka, uwaziri nao unaisha. Nasema kweli. Kwa wiki moja nzima pesa zote ziko wazi kwenye M-Shwari yake, hakuna ombi, hakuna ruhusa, ananunua anachotaka. Mwishoni mwa wiki tunakaa. Yeye ndiye anayesema kama anataka tena, mimi ndiye ninayesema kama naweza, na tunapanga upya: kiasi, vitu nisivyogusa, kiwango cha siku. Mara moja nilisema siwezi. Ilikuwa mwaka jana mwanzoni, mama yangu alikuwa mgonjwa, kichwa kimejaa. Tukakaa miezi miwili bila uwaziri, kila mtu na zake, na hakubeti. Alipoomba tena alikuwa ameyapima maisha bila uwaziri, nami nilikuwa nimeukosa.

Nyota naipa M-Shwari ya kufunga nne kati ya tano. Ya tano ni ya siku watakayoniwekea ule ujumbe wa shahidi. Ratiba nayo nne, kwa bili za nyumba tu.

Awamu ya sasa imefunguka Jumatatu. Wiki hii nzima ananiita Mama Neema, na nakiri sikio langu linalitafuta lile jina jingine. Amenunua viatu vya buti bila kuniuliza, vizuri, ghali. Jana alikuwa kwenye foleni Malaba, akaniandikia: "Jumapili tukae. Nataka kuomba tena, ila safari hii naomba miwili badala ya mitatu, na kiwango cha siku kiwe 700, chakula kimepanda." Nimemjibu aje kwanza, kimanga nitakisonga Jumapili mchana, tutayazungumza akishashiba. Kuhusu ile 700 bado sijaamua.